Akaunti Kumi na Moja za Kyuso

Ni mimi niliyezifunga zile akaunti kumi na moja za Kyuso. Kwa miaka minne nimesema ni mfumo. Nimelisema hilo katika vikao viwili na wafadhili, katika mafunzo ya wasimamizi wapya, na mara moja mbele ya mchungaji wangu, ambaye hakuwa ameuliza. Mfumo haukufunga kitu. Mfumo ulitia alama nyekundu tu, kama ulivyoagizwa, kisha ukaningoja. Kidole kilichobonyeza ni hiki changu cha shahada, chenye kovu la kisu cha maembe.

Namwomba radhi Mutinda, fundi wetu wa programu, ambaye kwa ajili ya uongo wangu alitumwa kurekebisha hitilafu ambayo haikuwepo. Aliirekebisha mara mbili. Mara ya pili aliandika ripoti ya ukurasa mzima kuonyesha kwamba hitilafu imekwisha kabisa, na hakuna siku aliyoniuliza neno. Mtu asiyeuliza neno huwa namshuku. Yeye ndiye niliyemkosea kwa kumshuku zaidi ya wote.

Ninyi mnaobaki mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Vyeo sitaviandika, maana vilikuwa viwili na vyote vilikuja na kiti kilekile. Nitaandika mambo ambayo huenda yakawafaa, na moja ambalo halinifai mimi.

Nilifika mji wa Wote nikiwa na digrii mbili na daftari jipya. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, na hadi leo nikisikia harufu ya dawa ya kupe naanza kutafuta nywila. Kazi yenyewe ilielezwa haraka: wakulima wa ndengu, maembe na mbuzi wa Kitui na Makueni wanaandika kwenye jukwaa letu la mtandaoni; mimi nisome, nifute mabaya, niache mazuri. Mkurugenzi alinionyesha kompyuta, kiti na kitufe cha Futa, kwa mpangilio huo, kisha akaenda mkutanoni. Kwa hesabu yangu bado yuko huko.

Siku hiyo ya kwanza nilifuta kila kitu. Ninasema kweli. Jukwaa la wakati ule lilionyesha mistari miwili ya mwanzo ya kila ujumbe, nami nikaona ujumbe baada ya ujumbe ukianza hivi: Bwana asifiwe sana ndugu na dada zangu katika Kristo, poleni na jua na kazi za shamba, natumaini mu wazima jinsi nilivyo mimi. Nilikuwa nimefundishwa Nairobi kwamba ujumbe wa uongo hujirudia. Nikaona, loo, hapa kuna genge. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimesafisha jukwaa, nikajinunulia soda.

Saa tisa simu ya ofisi ikalia. Aliyepiga alijitambulisha kuwa Mwalimu Muindi wa Kalamba, mwalimu mkuu mstaafu, mkulima wa maembe na ndengu.

“Ni wewe yule msichana mpya?”

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nikasema ndiyo.

“Nimeuliza dawa ya inzi wa maembe. Swali langu limeenda wapi?”

“Samahani Mwalimu, niliona ni salamu tu.”

“Ulisoma mpaka wapi?”

“Mstari wa pili.”

“Mstari wa pili! Mtu amekuja kwako, anapiga hodi, wewe unafunga mlango akiwa bado kwa hodi. Halafu unasema hakuwa na shida?”

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba watu wa huku huandika ujumbe kama wanavyotembeleana. Salamu kwanza, habari za mvua, habari za wagonjwa, kisha wakati wa kuaga, mguu mmoja ukiwa nje, ndipo shida inasemwa. Mutinda alihitaji siku moja tu kugeuza jukwaa lionyeshe mistari miwili ya mwisho badala ya ile ya mwanzo. Mtaalamu mmoja aliyetutembelea kutoka Nairobi aliuliza kwa nini orodha yetu inasomwa kutoka mkiani. Nilimwambia ni ubunifu. Sikumwambia nilichofuta.

Mwalimu Muindi akawa msimamizi wa kujitolea, na ukweli ni kwamba alinisimamia mimi. Alikuwa na daftari la mazoezi alilolipiga mistari kwa kalamu nyekundu, na humo aliwapa wagomvi alama juu ya kumi. Watu wawili wakitukanana kuhusu mbolea, aliandika chini yao: “Nyote mmekosea. Someni swali tena.” Na walisoma, watu wazima wenye wajukuu. Mimi nilikuwa na kanuni za jukwaa, kurasa kumi na nne nilizotunga mwenyewe, na sijawahi kukutana na mtu aliyezimaliza.

Tuliongeza mambo kidogo kidogo, kuanzia uzio, geti na askari wa kulilinda. Tuliweka ujumbe wa sauti kwa wale wasioandika, na kwa miezi mitatu kazi yangu ikawa kusikiliza majogoo. Bibi mmoja wa Mutomo alisahau kuzima, akaturekodia ugomvi wake na mumewe kuhusu mbuzi aliyeuzwa bila ruhusa. Niliusikiliza wote, kwa sababu za kikazi. Tuliweka pia kitufe cha kuripoti ujumbe mbaya. Wanachama wakakipenda, ila hawakuripoti ujumbe, waliripoti majirani. “Namripoti Musyoka, ng’ombe wake wameingia kwangu tena.” Niliwajibu wote kwa adabu, nikawapa njia ya kwa chifu, na nadhani ndipo nilipoanza kujiona kama serikali ndogo.

Kisha akaja dalali.

Kisa hiki wengi mnakijua, maana nimekisimulia hadi mmekichoka. Wakulima saba wapya walijiunga, kila mmoja akidai yuko soko tofauti, na wote wakiandika kwamba bei ya ndengu kwao imeanguka, afadhali watu wauze upesi. Watu wakaanza kuuza. Nilikaa nikitazama picha zao hadi macho yakauma, na nikaona: magunia ya masoko saba yalikuwa na kiraka kimoja, pembeni, kilichoshonwa kwa uzi wa buluu. Gunia moja, mtu mmoja, majina saba. Nilimfunga, nikaeleza jukwaani jinsi nilivyomjua, na kwa wiki nzima nilisalimiwa sokoni Wote na watu nisiowajua.

Tangu hapo nikawa mgonjwa. Mtu akiandika vizuri, nilisema huyu ni dalali. Akiandika vibaya, nilisema ni dalali anajifanya mkulima. Akijibu haraka, ana haraka ya nini? Akichelewa, anashauriana na nani? Dada yangu alijiunga akauliza habari za kuku wanaokohoa, nami nikamtaka atume picha ya kuku. Alituma. Nikamtaka atume picha yake akiwa na kuku. Hatukuongea hadi Krismasi.

Ni mimi niliyemwomba Mutinda atengeneze ile alama nyekundu. Simu moja ikifungua zaidi ya akaunti moja, mfumo uzitie alama zote, kisha msimamizi aamue.

“Madam, lakini huku watu wanatumia simu moja wengi,” alisema, bila kuinua macho kwenye kibodi.

“Wangapi?”

“Inategemea nani ako na sola.”

Nilidhani anatafuta njia ya kukwepa kazi. Niliandika hivyo kwenye daftari langu: M. anakwepa. Ana nini na madalali?

Mwaka ule ninaousema, mwezi wa kumi, alijiunga mtu aliyejiita Mkulima Bora. Aliuza mbegu za ndengu katika mfuko wa kijani, mbegu zilizopakwa dawa, rangi ya waridi, safi machoni. Alijibu maswali kwa Kiswahili kilichonyooka. Hakumkosea mtu heshima. Nami aliniandikia faragha, akaniita Mhariri Mkuu. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita hivyo, na nilikuwa nimekaa muda mrefu nikingoja. Tangazo lake nililibandika juu ya jukwaa, mahali ambapo kila anayeingia hulikuta kwanza. Mwanamke aliyemshuku dada yake na kuku wake hakumshuku mtu huyu hata kidogo.

Lazima niwakumbushe wale wa mjini jinsi tunavyopanda. Mvua za mwezi wa kumi na moja ndizo zetu za kutegemea, na hazikai. Kwa hiyo watu wengi hupanda udongo ukiwa bado mkavu, siku chache kabla ya mvua, ili tone la kwanza lisiende bure. Ukipanda mbegu iliyokufa katika udongo mkavu hujui kitu. Unakaa ukitazama mawingu. Mvua inakuja, shamba la jirani linachipuka, lako linabaki na magugu, na kufikia hapo huna mbegu nyingine wala msimu.

Jumatatu moja asubuhi nilikuta alama nyekundu kumi na moja. Wanachama wapya kumi na mmoja, wote wanawake, wote wa Kyuso, wote wamejiunga Jumapili jioni kwa simu moja. Kila mmoja alikuwa ameandika ujumbe kuhusu mfuko wa kijani. Wa kwanza ulisema: “Mimi naitwa Kasyoka. Mbegu ya mfuko wa kijani nimeloweka kumi kwa kitambaa, siku nne, zimeota mbili. Msipande.” Wa pili ulisema: “Mimi naitwa Mbithe. Mbegu ya mfuko wa kijani nimeloweka kumi kwa kitambaa, siku nne, imeota moja. Msipande.” Na kuendelea hivyo hadi wa kumi na moja. Hakuna salamu hata moja. Hiyo pekee ilinitosha. Watu wa huku waandike bila salamu? Nilijisemea, huyu aliyetunga hizi hata hajui kujifanya Mkamba.

Ujinga wangu ulikuwa na mantiki yake. Simu moja, mwandiko mmoja, siku moja, shabaha moja. Muuzaji mwingine wa mbegu anataka kumharibia mwenzake. Nilizifunga zote kabla ya chai, moja baada ya nyingine, na nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi.

Jumanne namba ileile ilipiga ofisini. Sauti ya mwanamke, ya chini.

“Tunauliza, mbona tumefungwa? Hatujatusi mtu.”

“Wewe ni nani?”

“Kasyoka. Lakini tuko kumi na mmoja.”

Kila dalali ana mke, nikawaza. Lakini kumwambia mtu kwa mdomo kwamba humwamini ni kazi, hasa akiwa mpole, kwa hiyo nikasema ule uongo kwa mara ya kwanza: “Mama, si sisi. Mfumo wenyewe ndio umefunga. Mafundi wanaangalia.”

“Wataangalia mpaka lini? Watu wanapanda.”

“Tutawajulisha.”

Nikakata. Mutinda alikuwa meza ya pili, ananisikia. Hakusema kitu. Nikaliandika hilo pia kwenye daftari.

Alhamisi asubuhi akapiga Mwalimu Muindi. Yeye hakuanza na salamu pia, na kwake hilo lilinishtua.

“Mama Shiro, kuna watu wa Kyuso waliandika juu ya mbegu. Niliona Jumapili, Jumatatu nikatafuta sikuona. Wako wapi?”

“Walifungwa, Mwalimu. Ni mfumo. Ilikuwa simu moja.”

“Umeongea nao?”

“Ni dalali, Mwalimu. Ni kama yule wa gunia.”

“Sijauliza ni nani. Nimeuliza kama umeongea nao.”

Nikamweleza ushahidi wangu wote kwa mpangilio. Alisikiliza kama anayesikiliza mtoto akisoma insha ambayo tayari ameipa alama.

“Haya,” alisema. “Sasa nisikilize wewe. Nilitoa mbegu yangu ya akiba yote kwa kijana wangu wa Makindu, kwa sababu mimi nilinunua ya mfuko wa kijani. Niliiona imebandikwa juu. Nikasema, kama Mama Shiro ambaye huwa haamini hata mvua amebandika, hiyo ni mbegu. Ng’ombe wa plau wanakuja kwangu Jumamosi. Na si mimi tu, mlima huu wote wa Kalamba wamenifuata mimi, na mimi nimekufuata wewe.”

Nikalitazama lile tangazo, bado liko juu.

“Hiyo mfumo yako iko na namba yao?”

“Iko.”

“Basi piga. Ukimaliza uniambie nipande au nisipande.”

Nilipiga nikiwa na hasira, na nia yangu ilikuwa kumkamata mtu. Hilo pia ni la kukiri. Nilimweleza Mutinda habari za Mwalimu, nikamwambia aje asikilize, nikaweka simu kwenye spika, nikafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika majina kumi na moja kwa kushuka. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ningemwita mmoja mmoja, na mtu mmoja hawezi kuwa na sauti kumi na moja.

“Haloo?” Nyuma ya sauti kulikuwa na majembe yakipiga udongo mgumu, na mtu akikohoa.

“Hapa ni Wote, msimamizi wa jukwaa.”

Akasema, mdomo ukiwa mbali na simu: “Ni wale watu wa kufunga.” Majembe yakaacha.

“Nataka kuongea na Kasyoka.”

“Ni mimi.”

“Na Mbithe?”

“Yuko hapa, ngoja.” Simu ikasugua nguo. “Haloo, ni Mbithe.”

Kwangu ilikuwa sauti ileile, ila sasa imejitia mafua. Niliandika: mafua. Mutinda alisoma juu ya bega langu, akakuna shingo.

“Na Kavata?”

“Kavata yuko chini kwa mtaro. Kavata! Kavata, kuja, ni madam wa Wote anahesabu watu!”

Mutinda alininong’oneza kwamba leo Alhamisi huenda ni mwethya, ile kazi ya zamu ambapo kikundi kinakwenda shamba la mwenzao mmoja, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, wakichimba mitaro ya kushika maji kabla ya mvua. Nilimwambia nyamaza, nasikiliza.

Kavata alifika akihema. Nikatafuta swali ambalo mtu anayejifanya hangekuwa amelitayarishia jibu.

“Kavata, una watoto wangapi?”

Swali lilitoka kabla sijalipima. Wazazi wangu ni watu wa Mkoa wa Kati waliohamia kufungua duka kwenye barabara ya Mombasa, na nimekulia huku. Najua vizuri kwamba watoto wa mtu hawahesabiwi kwa sauti. Nyanya yangu angenichapa.

“Madam,” alisema Kavata polepole, “hao ni mbuzi?”

“Samahani mama.”

“Uliza ingine.”

“Ndinda yuko?”

Nilisikia wakisemezana Kikamba upesi upesi, kisha sauti mpya, nzito, ya mtu anayefurahia kuwa mbele ya watu: “Mimi ndiye Ndinda. Wanasema unadhani sisi ni mtu mmoja.”

“Ni... tunathibitisha tu, mama.”

“Sasa madam, huyo mtu mmoja, akiwa mimi, hao wengine watatoshea wapi? Mimi peke yangu nimejaza hii shamba ya Kavata!”

Wakacheka. Kicheko kilianza karibu na simu, kikashuka chini kwenye mtaro, kikavuka ng’ambo, na huko ng’ambo mtu mmoja akaanza upya wengine walipokuwa wamemaliza. Mutinda naye akacheka, mtu ambaye huwa hacheki. Mtu anaweza kubadilisha sauti. Hawezi kucheka akiwa kingo zote mbili za mtaro.

Niliendelea kuita majina, sasa kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Nduku. Mwende. Katunge. Kanini. Wayua, ambaye alitaka kujua kama ofisi yetu ina dawa ya viwavi. Syombua, mzee, ambaye hakutaka Kiswahili, akaongea na Mutinda kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, naye akamsimulia habari za Kalamba na ng’ombe wa Jumamosi. Kila mmoja aliyeongea nilimpiga tiki. Wakafika kumi.

“Na Kalunde?”

Hakuna aliyejibu.

Nawaambia ukweli, nilipata nguvu. Kumi nilikuwa nimewakubali, lakini wa kumi na moja hakuwepo, na ugonjwa wangu haukuhitaji zaidi ya mmoja. Nilimtazama Mutinda kama mtu aliyepata.

“Kalunde yuko wapi?” nikauliza tena. “Mbona haongei?”

Kasyoka akarudi kwenye simu. “Kwani hamjaonana?”

“Kuonana wapi?”

“Huko kwako. Alitoka jana, akalala kwa dada yake Kitui. Ametupigia saa mbili na simu ya askari wenu, akasema amefika geti, lakini ameambiwa madam yuko bize, na yeye Kalunde hana appointment.”

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini.

“Kalunde ndiye katibu wetu,” Kasyoka akaendelea, kama anayemweleza mtoto. “Yeye ndiye ako na miwani. Kila mtu aliloweka mbegu yake kwake nyumbani, Jumapili baada ya kanisa tukakaa, kila mtu akasema yake, akaandika. Tulitaka kuweka salamu lakini chaji ilikuwa inaisha.”

Nilizima spika, nikatoka nje simu ikiwa sikioni. Mwanamke mwembamba wa umri wangu alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na geti, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, mkebe wa majani ya chai ukiwa mapajani. Askari alisimama akatazama pembeni. Nilisema jina lake na yeye akasimama, akanipa mkono, kisha akafungua mkebe. Ndani kulikuwa na kitambaa cha kanga, kibichi. Alikikunjua juu ya kiganja changu bila kueleza. Mbegu kumi za rangi ya waridi. Mbili zilikuwa zimetoa mkia mweupe. Nane zilipondeka chini ya kidole kama ndengu zilizochemshwa.

“Hii ni ya pili,” alisema. “Nililoweka tena nyingine, usije ukasema tulikosea maji.”

Nikampa simu. Akaongea na wenzake Kikamba, mgongo akinipa, na kile ninachokijua cha Kikamba kilinitosha kusikia jina la Kalamba, neno Jumamosi, na kitu fulani kuhusu mimi kilichomfanya askari akohoe. Waliongea hadi nikaanza kuhesabu vitundu vya waya wa uzio. Kisha akanirudishia simu, bado inaongea, na mikono yake ikaanza kukikunja kile kitambaa.

“Wamesema ujumbe wa kumi na mbili, wa kuwaambia watu wasipande, uandike wewe,” alisema. “Na uweke jina lako.”